Simba Mmoja au Simba Wengi? Jina na Mgawanyiko katika Bendi za Wanyika

Utangulizi

Wapenzi wengi wa muziki wa zamani nchini Kenya huutambua wimbo "Sina Makosa" kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Magitaa yanatosha. Wimbo huo ungali unasikika redioni, katika magari ya abiria na kwenye sherehe za arusi, na hata vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kurekodiwa kwake huufuatisha neno kwa neno. Hata hivyo, ni wachache kati yao wawezao kumtaja aliyepiga gitaa la rizimu katika bendi iliyourekodi, au kueleza ni kwa nini kuna Les Wanyika na pia Simba Wanyika, na iwapo hizo ni bendi mbili au ni bendi moja yenye majina mawili. Wimbo umeishi, habari za waliouunda zimefifia.

Hali hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Katika mihadhara ya ushairi, mtunzi hutajwa kwa jina, mji wake hutajwa, na mazingira yaliyomlea huelezwa kabla ya beti zake kuchambuliwa. Nyimbo za bendi za magitaa, ambazo ni tungo za Kiswahili zilizoingia katika nyumba nyingi ambamo diwani haikuingia, hutajwa kwa kupita tu, tena kwa jina la bendi badala ya jina la mtunzi. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya historia ya Kiswahili nchini Kenya inabaki bila wenyewe.

Makala haya yanajadili kuinuka na kugawanyika kwa Simba Wanyika. Yanadai kwamba mgawanyiko uliotokea mwaka wa 1978 unaweza kusomwa katika sarufi ya jina la bendi yenyewe. Jina hilo lilianza likiwa na utata wa idadi, na bendi ilipovunjika, jina lilivunjika pale pale palipokuwa na utata huo.

Kutoka Tanga hadi Nairobi

Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianza safari yao ya muziki mjini Tanga, ambako walipiga na Jamhuri Jazz Band katika miaka ya 1960. Tanga ya wakati huo ilikuwa mji wa bandari, wa reli na wa mashamba ya mkonge, na pia mji wa muziki. Mbali na Jamhuri Jazz, mji huo ulikuwa na Atomic Jazz, na upande wa taarab ulikuwa na Black Star Musical Club. Kijana aliyejifunza gitaa katika mazingira hayo alijifunza pia Kiswahili cha nyimbo: Kiswahili cha pwani chenye mafumbo, methali na adabu ya kusema jambo zito kwa maneno mepesi.

Mwaka wa 1970 ndugu hao walihamia Arusha, na pamoja na ndugu yao wa tatu, William Kinyonga, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata, 1971, walivuka mpaka wakaingia Nairobi, na huko ndiko bendi ilikojiita Simba Wanyika.

Sababu ya wanamuziki wa Tanzania kuitamani Nairobi si vigumu kuieleza. Katika Tanzania ya miaka ya 1970, muziki wa bendi ulirekodiwa hasa na Radio Tanzania kwa ajili ya kutangazwa hewani. Viwanda vya kutengeneza santuri havikuwako. Nairobi ilikuwa na kampuni za kurekodi, mitambo ya kuchapa santuri na maduka ya kuziuza, hususan kwenye mtaa wa River Road na viunga vyake. Santuri ndogo iliyozunguka mara 45 kwa dakika ilikuwa ndiyo bidhaa kuu. Kwa kuwa upande mmoja haukutosha wimbo mrefu wa rumba, wimbo uligawanywa mara mbili: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa nyuma. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza santuri ili ausikie mwisho wa kisa.

Aidha, bendi hiyo ilifika Kenya wakati ambapo Kiswahili hakijawa na nguvu darasani. Ni mwaka wa 1974 ambapo Kiswahili kiliruhusiwa kutumika katika Bunge la Kenya, na ni baada ya kuanzishwa kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985 ambapo kilikuja kuwa somo la lazima linalotahiniwa katika shule za msingi na za upili. Kwa muda wa zaidi ya muongo mmoja, basi, wimbo wa redioni ulikuwa miongoni mwa walimu wa Kiswahili ambao wananchi wengi wa bara waliwapata bila karo.

Mwaka wa 1975 bendi ilitoa albamu iliyoitwa *Jiburudisheni na Simba Wanyika*. Kichwa hicho kinastahili kutazamwa na mwanafunzi wa mofolojia. Kitenzi kina kiambishi cha kujirejelea *ji-* na kiambishi *-ni* cha wingi wa watendwa amri. Bendi haisemi kwamba itawaburudisha wasikilizaji. Inawaambia wasikilizaji wajiburudishe wao wenyewe, wakiwa pamoja nayo. Hadhira imepewa wingi ulio wazi kabisa. Swali linalobaki ni kuhusu upande wa pili wa neno *na*: je, Simba Wanyika ni mmoja au ni wengi?

Sarufi ya Jina

Jina Simba Wanyika linatokana na kirai "simba wa nyika", yaani simba wa mbugani, wa pori kavu. Kwa kufuata kanuni za maandishi sanifu, kirai hicho kingeandikwa kwa maneno matatu: nomino *simba*, kihusishi cha a-unganifu *wa*, na nomino *nyika*. Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa.

Jambo la kwanza ni idadi. Nomino *simba* haina kiambishi kinachobadilika katika umoja na wingi, nayo, kwa kuwa inataja kiumbe chenye uhai, huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA. Kwa kawaida, upatanisho ndio unaotuokoa: "simba huyu" ni mmoja, "simba hawa" ni wengi, "simba amenguruma" ni mmoja, "simba wamenguruma" ni wengi. Lakini a-unganifu ya ngeli hii ni *wa* katika umoja na ni *wa* katika wingi. Kwa hiyo "simba wa nyika" ni kirai kisichoweza kujulikana idadi yake mpaka kiwekwe ndani ya sentensi. Yaweza kuwa simba mmoja anayetawala mbuga. Yaweza pia kuwa kundi zima.

Jambo la pili ni mwandiko. Jina lilipochapishwa kwenye santuri, *wa* na *nyika* ziliandikwa pamoja, zikawa *Wanyika*. Mtu aweza kusema kwamba hilo ni kosa dogo la tahajia lisilostahili mjadala. Hata hivyo, athari yake ni kubwa. Neno *Wanyika* likisimama peke yake halisomeki tena kama kihusishi na nomino. Linasomeka kama nomino ya watu katika wingi, sawa na Wapemba, Wapare au Wadigo, na umoja wake ni Mnyika. Mofimu *wa* iliyokuwa ikionyesha umilikaji sasa inasomwa kama kiambishi ngeli cha wingi wa watu.

Tena, nomino hiyo ilikuwepo tayari katika historia ya pwani. Wakazi wa miji ya pwani waliwaita majirani zao wa upande wa bara "Wanyika", na wamishenari kama Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, wakaliandika jina hilo katika maandishi yao. Lilikuwa jina lililobeba dharau, na wenyewe wamekuja kujulikana kwa jina la Mijikenda. Si lazima kudai kwamba ndugu wa Kinyonga waliifikiria historia hiyo walipoichagua lakabu yao. Mfalme wa porini ni taswira inayotosha kwa bendi inayotaka kuogopwa na wapinzani. Linaloweza kudaiwa ni kwamba lugha yenyewe ilikuwa imeandaa mahali ambapo jina lingeweza kukatwa. Upande mmoja wa mkato alikuwepo simba. Upande wa pili walikuwepo watu.

Novemba 1978

Mnamo Novemba 1978 bendi iligawanyika. Miongoni mwa walioondoka walikuwa mpiga gitaa la rizimu Omar Shabani, aliyejulikana kwa lakabu ya "Profesa", mpiga gitaa la besi Tom Malanga, na mpiga ngoma Rashid Juma. Walioondoka waliungana na John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa tayari akipiga muziki nchini Kenya na bendi ya Kikongo, wakaunda Les Wanyika. Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi na utunzi, walianza kuonekana jukwaani katika klabu ya Garden Square jijini Nairobi mwaka wa 1979. "Sina Makosa" ndio wimbo uliowatambulisha.

Ni rahisi kuitafuta sababu ya mgawanyiko katika uvumi, na uvumi haukosekani popote penye bendi. Mtafiti ana njia iliyo salama zaidi, nayo ni kutazama ni akina nani walioondoka na ni akina nani waliobaki. Waliobaki ni ndugu wa damu, wenye bendi, waliosimama mbele wakiimba na kupiga gitaa. Hakuna Kinyonga hata mmoja kati ya waanzilishi wa Les Wanyika. Walioondoka ni rizimu, besi na ngoma, yaani zile ala ambazo msikilizaji wa kawaida hazitaji lakini ambazo zikinyamaza wimbo huanguka. Hapa pana tofauti kati ya undugu wa damu na undugu wa kazi. Penye undugu wa kazi, mtu huweza kuibeba bendi mgongoni kwa miaka na bado jina likawa la mwingine.

Mazingira ya nchi hayana budi kuzingatiwa pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, na mwaka huo huo Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa hadi mwaka wa 1983. Wanamuziki hawa walikuwa Watanzania wanaofanya kazi Nairobi huku njia ya kurudi kwao ikiwa imezibwa. Haifai kudai kwamba kufungwa kwa mpaka ndiko kulikoivunja bendi. Hata hivyo, kuondoka katika bendi wakati kama huo kulikuwa jambo zito. Mtu asiye na bendi ugenini hana mlango wa kugonga, na kwa kuwa nyumbani hakufikiki kwa urahisi, ni lazima aunde bendi nyingine papo hapo. Kwa sababu hiyo, jina alilotoka nalo mwanamuziki halikuwa pambo. Lilikuwa mtaji wake wa pekee.

Les, Super na Original

Tuzo la mgawanyiko huo, basi, lilikuwa jina. Walioondoka hawakuweza kuendelea kujiita Simba Wanyika, na hawakutaka kuanza upya kama watu wasiojulikana. Walimwacha simba, wakawachukua Wanyika. Mkato ulipita pale pale ambapo mwandiko wa kwenye santuri ulikuwa umeunganisha kihusishi na nomino. Laiti jina lingeandikwa "Simba wa Nyika", isingekuwa rahisi kuuchukua mkia wake: "Les wa Nyika" si kirai chenye maana. Lakini "Wanyika" lilikwisha kuwa nomino kamili, ya watu, ya wingi, nayo ilikuwa tayari kubebwa.

Walichokiongeza mbele yake ni kibainishi cha Kifaransa. *Les* katika Kifaransa huashiria wingi, kwa hiyo "Les Wanyika" ina alama mbili za wingi, moja ya Kifaransa na nyingine ya Kiswahili. Msikilizaji wa Nairobi hakuhitaji kujua Kifaransa ili aelewe dhima yake. Muziki wa Kongo ulikuwa na hadhi kubwa jijini, na wanamuziki waliotoka huko walikuwa wengi. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mnamo 1976, kundi la wanamuziki wa Kikongo lilikuwa limejitenga na bendi ya Baba Gaston jijini Nairobi na kujiita Les Mangelepa. Kibainishi hicho kilikuwa kimeshakuwa alama ya mambo mawili kwa wakati mmoja: usasa wa Kikongo, na kundi lililojitenga na mkubwa wake.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilileta tawi jingine. Mwimbaji Issa Juma, aliyewahi kuimba na Les Wanyika, aliongoza bendi iliyojiita Super Wanyika, na baadaye Super Wanyika Stars, ambayo wimbo wake "Sigalame" ulipata umaarufu mkubwa nchini Kenya. Safari hii kiongezo kilitoka katika Kiingereza. *Super* hakihesabu watu kama kinavyofanya *Les*. Kinawapanga kwa daraja. Ni dai la ubora dhidi ya Wanyika wengine.

Jibu la shina lenyewe ndilo linalovutia zaidi. Katika baadhi ya santuri, bendi ya ndugu wa Kinyonga ilikuja kujulikana kama Simba Wanyika Original. Mwaka wa 1971 jina hilo halikuhitaji kivumishi chochote. Mtu hahitaji kujiita wa asili mpaka awepo mwingine anayeweza kudhaniwa kuwa yeye. Kivumishi hicho ni ushahidi kwamba Wanyika wa nje walikuwa wamefaulu kiasi cha kumlazimisha simba ajitambulishe.

Tukiyapanga majina hayo pamoja, tunapata mfano mwafaka wa isimujamii ya miji ya Afrika Mashariki. Shina ni la Kiswahili katika yote. Viongezo vinatoka katika Kifaransa na Kiingereza, na kila kimoja kina kazi yake: kimoja kinadai wingi, kingine ubora, kingine uasili. Hakuna aliyelitupa neno *Wanyika*. Wote waligombana juu ya viambatisho, na wote wakakubaliana juu ya shina.

Gitaa la Nyuma na Nafsi ya Kwanza

Mgawanyiko ulisikika pia katika muziki wenyewe. Simba Wanyika ilichanganya magitaa na saksafoni, ilhali Les Wanyika ilisifiwa kwa uchache wa ala: gitaa la solo, la rizimu na la besi yakijibizana bila msongamano. Kwa kuwa waanzilishi wake wengi walikuwa wapigaji wa nyuma, haishangazi kwamba walichokiweka mbele ni kile kilichokuwa nyuma. Rizimu ya Omar Shabani haisindikizi tu. Hubeba kisa, na mara nyingi msikilizaji anayeudokoa wimbo kwa mdomo huanza na rizimu hiyo wala si maneno.

Kuhusu maneno, kichwa "Sina Makosa" ni sentensi kamili yenye nafsi ya kwanza umoja katika hali ya ukanushi. Msemaji katika wimbo huo anamjibu mtu anayemkasirikia kuhusu mapenzi ya nje ya nyumba, huku akimkumbusha kwamba kila mmoja wao ana mwenzake. Hakuna msimulizi. Kuna *mimi* na *wewe* tu, na kwa kuwa *wewe* hajatajwa jina, kila msikilizaji anaweza kukaa katika nafasi hiyo. Mbinu hiyo ya usemi wa moja kwa moja ni ile ile inayopatikana katika nyimbo nyingi za pwani, ambamo anayeambiwa hujijua mwenyewe.

Kuna kishawishi cha kuusoma wimbo huu kama utetezi wa walioondoka: wanaume waliotoka katika bendi ya wengine, na wimbo wao wa kwanza kuvuma unatangaza kwamba hawana hatia. Usomaji huo unavutia, lakini mwanafunzi anapaswa kuupima. Matini yenyewe inahusu mapenzi, na hakuna neno ndani yake linaloitaja bendi. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba wapigaji waliojulikana kama sehemu ya kundi la mtu mwingine walipopata nafasi yao, wasikilizaji waliwasikia kwanza kupitia kiambishi *si-* cha nafsi ya kwanza. Hilo ni suala la fani, nalo halihitaji kuthibitishwa kwa uvumi.

Hitimisho

Simba Wanyika iliendelea kupiga muziki kwa miaka mingi baada ya mgawanyiko, na mwaka wa 1992 albamu yake *Pepea* ilitolewa Uholanzi. George Kinyonga alifariki mwaka huo huo, na Wilson akamfuata mwaka wa 1995. Bendi haikuwepo tena. Upande wa Les Wanyika, Omar Shabani alifariki mwaka wa 1998 na John Ngereza mwaka wa 2000. Walioachana kwa sababu ya kazi walitangulia mbele ya haki kwa kufuatana katika muda wa miaka minane, nao waliacha nyimbo ambazo wasikilizaji wengi leo huzihesabu kuwa za bendi moja.

Makala haya yameonyesha kwamba kirai "simba wa nyika" hakisemi iwapo simba ni mmoja au ni wengi, na kwamba kwa miaka 7 bendi iliishi ndani ya utata huo. Mwaka wa 1978 ulileta jibu: waliobaki walishika umoja, walioondoka wakashika wingi. Wanafunzi wa Kiswahili wana mengi ya kuvuna katika uwanja huu. Majina ya bendi ni data ya mofolojia na isimujamii iliyo tayari mikononi. Mashairi ya nyimbo ni fasihi inayongoja wahakiki. Na kabla ya yote, majina ya watunzi na wapigaji yanahitaji kuandikwa pamoja na nyimbo zao, kila wimbo na wenyewe, wangali wapo watu wanaokumbuka ni nani aliyeketi nyuma ya nani jukwaani. Santuri ilimtaja simba kwa maandishi makubwa. Ni kazi ya msomi kuwataja Wanyika mmoja mmoja.